Kurudi Kundini Kusiwe Adhabu ya Pili

 

Leo nataka tumzungumzie Mkristo aliyekosea, kosa lake likajulikana, na tangu siku hiyo hana hakika kama bado ana mahali pake kanisani. Kila mmoja wetu anamfahamu mtu huyo. Pengine ni mtoto wa dada yako. Pengine ni mwenzako mliyeimba naye kwaya. Pengine ni wewe unayenisikiliza sasa, na Jumapili iliyopita ulibaki nyumbani ukifua wakati majirani wakipita na Biblia zao kwapani.

Tuanzie hapa hapa Mkonze, Dodoma. Wazee wa Kigogo waliozaliwa katika kata hii wanaikumbuka ilipokuwa mashamba ya uwele na mtama na malisho ya ng'ombe. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba safari hii inahamia Dodoma kweli, na Dodoma ikapewa hadhi ya jiji tarehe 26 Aprili 2018, viwanja vilipimwa, watumishi wakaja na familia zao, na nyuma yao wakaja mafundi, mama lishe, madereva wa bodaboda na vijana wa kutafuta maisha. Makanisa nayo yakawafuata watu. Lipo la matofali lililokwisha, lipo lililoishia kwenye lenta likingoja harambee, na lipo la turubai na viti vya plastiki. Ndani yake wamekaa watu wa Mbeya, Kilimanjaro, Kagera, Singida, Kondoa na Mpwapwa, na wengi wao wanajuana kwa sura tu.

Sasa mgeni anapotaka kujiunga na kanisa mahali kama hapa, huulizwa barua ya utambulisho kutoka alikotoka. Ni karatasi fupi: jina, ubatizo, kipaimara, hali ya ndoa, kisha sahihi ya mchungaji na muhuri juu yake. Mahali fulani katika karatasi hiyo huelezwa kama anayeileta ni mshirika wa Meza ya Bwana au amezuiliwa. Ni mstari mmoja tu, lakini wapo watu ambao kwa ajili ya mstari huo hawaiombi kabisa barua. Huja ibadani wakakaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Wageni wakiitwa kusimama na kujitambulisha, wao hawasimami. Wakati wa ushirika hutazama chini. Baraka ya mwisho ikitolewa, wao wameshafika barabarani. Miaka inapita, na mchungaji hajui majina yao. Mzee wa kanisa yeyote katika mji huu, akiwa mkweli, atakwambia kwamba amewaona.

Hoja yangu ya leo ni moja, nami naisema kama mtu wa kanisa anayelipenda kanisa. Kanisa lina haki ya kumrudi mtu wake anapokosea. Lakini haki hiyo limepewa ili limrudishe mtu huyo nyumbani. Adhabu isiyo na njia ya kurudia wala siku ya kwisha imeshaacha kuwa malezi. Mtu hutengenezwa akiwa ndani. Ukimwacha nje muda mrefu, anachojifunza huko ni kuishi bila sisi.

Chukua jambo linalotokea mara kwa mara katika sharika, mitaa na vigango vyetu. Binti wa kwaya, mwimbaji wa sauti ya kwanza, anapata mimba kabla ya ndoa. Wazee wanakutana. Joho la kwaya linarudishwa, na mara nyingi anayelirudisha ni mama yake, likiwa limefuliwa, limepigwa pasi na kukunjwa vizuri, kana kwamba usafi wa nguo ungeweza kumtetea mwanawe. Binti anazuiliwa ushirika kwa miezi, pengine mwaka na zaidi. Mtoto akizaliwa, wakati mwingine ubatizo wake nao unasubiri mpaka mama atakaporudi kundini. Na siku ya kurudi ikifika, anasimamishwa mbele ya watu wote, kichwa chini, kosa lake linatajwa upya, na waliokuwa wamelisahau wanakumbushwa.

Na kijana je? Tumbo lake halionekani. Asipojitaja mwenyewe, na binti akiogopa kumtaja, Jumapili ile ile yuko pale mbele kwenye kinanda. Dhambi ni ya wawili, aibu imebebeshwa mmoja. Wakati huo kanisa linaamini kwamba limelinda utakatifu wake.

Tena tujiulize ni dhambi zipi hasa zinazotufanya tumtenge mtu. Mimba, ulevi wa hadharani, mke wa pili, ndoa ya bomani. Yaani zile zinazoonekana kwa macho. Lakini katika jiji hili la viwanja, nani amewahi kuzuiliwa ushirika kwa kumuuzia mjane kiwanja alichokwisha kumuuzia mtu mwingine? Nani aliyerudisha joho kwa kukaa na mshahara wa msichana wa kazi miezi minne? Nani aliitwa na wazee kwa sababu ya ulimi uliovunja ndoa ya jirani? Watu hao tunao, wanashiriki kila mwezi, na baadhi yao ndio wanaokaa kwenye kikao kinachomjadili yule binti. Sipendekezi nao wafukuzwe. Nataka tukubali tu kwamba mabenchi yote yamekaliwa na watu wenye hitaji lile lile, ya mbele na ya nyuma.

Tuangalie pia serikali yetu ilivyolishughulikia jambo hilo hilo la mimba. Mwaka 2017 kauli kutoka juu ilikuwa kwamba mwanafunzi aliyepata ujauzito hatarudi katika shule ya serikali. Mwezi Novemba 2021 milango ilifunguliwa, na wizara ya elimu ikatangaza kwamba wasichana hao wanaruhusiwa kurudi darasani baada ya kujifungua. Watu walibishana sana, wengine wakasema tunawafundisha watoto ukware. Lakini leo yupo binti aliyejifungua akarudi kwenye dawati lake na daftari lake. Ni jambo la kuumiza kama binti huyo amepokelewa na mwalimu mkuu kabla hajapokelewa na mzee wa kanisa, maana mwalimu mkuu hajawahi kuhubiri habari za mwana mpotevu.

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Injili inaenda mbali zaidi, maana inamsemesha hata aliyeanguka kweli kweli. Mkumbuke Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru pale Yeriko, mtu aliyetajirika kwa kuwakamua wenzake. Angalieni mpangilio wa mambo katika habari ile. Yesu anamwita kwa jina akiwa bado juu ya mti. Anamwambia atashinda nyumbani kwake. Watu wananung'unika kwamba ameingia kwa mwenye dhambi. Ahadi ya Zakayo ya kuwapa maskini nusu ya mali yake, na ya kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu, inakuja baada ya kupokelewa. Hakuambiwa alipe kwanza ndipo aketi mezani na Bwana. Alipokelewa, na kule kupokelewa ndiko kulikomfungua mkono. Katika vikao vyetu mara nyingi tunaugeuza mpangilio huo, kisha tunashangaa kwamba mikono haifunguki.

Wapo watakaoniambia, ndugu mtangazaji, umesahau Wakorintho. Sijasahau. Ni kweli Mtume Paulo aliliamuru kanisa la Korintho limtoe mtu aliyekuwa akiishi na mke wa baba yake. Lakini tusome na barua ya pili. Humo Paulo anaandika juu ya mtu aliyeadhibiwa na kanisa, na wengi tangu zamani wamemsoma kuwa ni yule yule. Anawaambia adhabu aliyopewa inatosha, sasa wamsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni kupita kiasi. Anawataka wamhakikishie upendo wao. Adhabu ile ilikuwa na mwisho, na aliyeiagiza ndiye aliyesimama kutangaza kwamba imekwisha. Sisi barua ya kwanza tunaijua kwa kichwa. Ya pili hatuifikii.

Wasikilizaji wangu, kanisa hapa Ugogo lina historia ndefu katika jambo hili, na historia hiyo ina mafunzo yake. Wamisionari wa CMS, shirika la misioni la Kianglikana, walifika upande wa Mpwapwa katika miaka ya 1870, na mwaka 1927 ikaundwa Dayosisi ya Central Tanganyika, makao yake Dodoma. Walikuta watu wa ng'ombe, watu ambao mwanamume mwenye boma kubwa aliweza kuwa na wake wawili au zaidi, na kila mke ameolewa kwa mahari ya ng'ombe waliokwisha kugawanywa kwa wajomba na baba wadogo. Sheria waliyoifuata iliwekwa na maaskofu wa Kianglikana duniani, waliokutana Lambeth, London, mwaka 1888: mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe maadamu yuko katika hali hiyo. Wake zake waliweza kupokelewa katika hali fulani. Yeye alitakiwa abaki na mmoja kwanza.

Hebu tuiingie nyumba hiyo. Mzee ameisikia Injili, ameiamini, anataka ubatizo. Ana wake watatu. Akitaka kuingia kanisani lazima wawili watoke. Watoke waende wapi? Mmoja ana watoto wanne, mwingine wazazi wake wamekufa. Hawakutenda kosa lolote zaidi ya kuolewa kwa desturi ya kwao, mchana kweupe, mbele ya ukoo mzima. Basi mzee mwenye huruma alibaki nje ya kanisa kwa sababu ya huruma yake, na mzee mwenye haraka aliingia kanisani kwa kuwatupa wanawake. Sheria ilitungwa kwa ajili ya kuilinda ndoa, lakini kwa watu kama hao ilizaa talaka.

Ilichukua miaka 100 kamili. Mwaka 1988, katika mkutano ule ule wa Lambeth, maaskofu walikubali kwamba mwanamume wa wake wengi anayeipokea Injili aweze kubatizwa na kupewa kipaimara pamoja na wake zake na watoto wake wanaoamini. Aahidi kwamba hataongeza mke mwingine, na kanisa la mahali pale likubali kumpokea. Tena asilazimishwe kumwacha mke yeyote, kwa sababu ya taabu itakayompata mwanamke huyo. Maaskofu wa Afrika Mashariki waliisimamia hoja hiyo kwa nguvu, akiwamo David Gitari wa Kenya. Mafundisho ya ndoa ya mume mmoja na mke mmoja hayakuondolewa. Kilichobadilika ni kwamba kanisa lilikubali kumpokea mtu na historia yake, kisha kumwongoza kuanzia pale lilipomkuta. Wengi waliokuwa wakingoja uamuzi huo walikuwa wameshazikwa.

Lipo fundisho la pili, nalo ni la furaha zaidi. Katika miaka ya 1930, kwenye kituo cha misioni cha Gahini nchini Rwanda, ulianza Uamsho wa Afrika Mashariki. Ulivuka Uganda, ukaingia Kenya, na katika Tanganyika ukapitia upande wa Bukoba mpaka ukafika huku kwetu katikati ya nchi. Alama yake ilikuwa kukiri. Watu walisimama wakasema wizi wao, chuki zao, unafiki wao, kisha wakaenda kwa waliowakosea kurudisha walichochukua. Na waliokiri hawakuwa wanyonge peke yao. Wachungaji walikiri mbele ya waumini, na wamisionari wa Kizungu walikiri kiburi chao mbele ya Waafrika waliokuwa wakiwadharau. Mtu alipokwisha kusema, wenzake walimkumbatia na kuimba.

Mmoja wa watu wa Uamsho aliishi hapa Dodoma. Alikuwa mwalimu kijana kutoka Kigezi, Uganda, jina lake Festo Kivengere. Yeye na mkewe Mera walikuja katikati ya miaka ya 1940, naye akafundisha katika shule ya Alliance, ile iliyokuja kuitwa Mazengo, ambayo tangu 2007 majengo yake ni ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Ukipita Kikuyu leo unapita mahali alipokuwa akishika chaki. Alikaa huku hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Kabla hajaja, mara tu baada ya kuokoka, alipanda baiskeli na kusafiri kwenda kwa mmisionari mzungu ambaye yeye alikuwa akimchukia, ili amwombe radhi ana kwa ana. Huyo ndiye aliyewafundisha wanafunzi wa Dodoma, na baadaye akawa Askofu wa Kigezi.

Mwezi Februari 1977, utawala wa Idi Amin ulimuua Askofu Mkuu Janani Luwum. Kivengere alikimbia Uganda na familia yake kwa miguu, akivuka milima kuingia Rwanda. Mwaka huo huo kilitoka kitabu chake, na jina la kitabu lilitamka wazi kwamba anampenda Idi Amin. Alieleza kwamba chuki ilikuwa imeanza kumla moyo, na kwamba alimsamehe Amin kwa sababu Kristo msalabani aliwaombea msamaha waliomsulubisha. Hakuacha kuyakemea maovu ya utawala ule wala kuwasaidia wakimbizi. Alikemea na akasamehe kwa kinywa kile kile. Basi kama mwalimu wa Dodoma aliweza kumsamehe Amin, sisi wa Mkonze tutamwambia nini Mungu juu ya binti aliyezaa?

Lakini Uamsho nao unatuonya. Mahali pengine waliookoka walianza kujitenga na wale waliowaona hawajaokoka. Kukiri, kulikoanza kama mlango, kukawa kipimo: asiyekiri kwa namna yao na kwa maneno yao alihesabiwa kuwa wa nje. Watu waliokusanywa na neema wakajikuta wanaulinda uzio. Hatari hiyo haijaisha. Leo tunaisikia tukiambiwa fulani hana upako, fulani hajajazwa, fulani ni Mkristo jina. Inatokea katika makanisa ya zamani na katika huduma mpya vilevile.

Na ni hatari ya siku nyingi sana hapa Afrika. Mwaka 303 Kaisari Diokletiano aliamuru maandiko ya Wakristo yachomwe. Kaskazini mwa Afrika, Tunisia na Algeria za leo, baadhi ya viongozi wa kanisa waliogopa wakayatoa. Mateso yalipokwisha, Wakristo wenzao wakasema hao wamejinajisi, na sakramenti wanazozitoa ni bure. Wakaunda kanisa lao, kanisa la wasafi, na historia inawaita Wadonatisti. Kwa miaka 100 karibu kila mji mkubwa wa upande ule ulikuwa na maaskofu wawili wasiosalimiana. Augustino, Askofu wa Hippo, Mwafrika mwenzao, aliwajibu kwamba kanisa hapa duniani ni shamba lenye ngano na magugu, mwenye shamba amezuia yasing'olewe kabla ya mavuno, na utakatifu wa kanisa ni wa Kristo. Hoja hiyo ilishinda katika mkutano wa Karthago wa mwaka 411. Dola ilipotumia nguvu dhidi ya Wadonatisti baadaye, lilikuwa jambo baya, lakini hoja yenyewe ilibaki ya kweli: kanisa likingoja kujengwa na wasafi, halitapata hata mtu wa kupiga kengele.

Sasa niwajibu wanaoniogopa, maana hofu yao ina msingi. Wanasema mlango ukiwa wazi namna hiyo, dhambi itakuwa mchezo. Tena wanauliza habari za waliodhuriwa. Ni swali zito, nami nalijibu bila kuzunguka. Neema haimfichi mhalifu. Aliyemnajisi mtoto, aliyempiga mkewe, aliyeiba fedha za jengo la kanisa, huyo apelekwe kwenye sheria, na kanisa lisimame upande wa aliyeumizwa. Anayekutana na wazee kimya kimya ili jambo la mtoto limalizwe kifamilia anajiingiza katika uhalifu wenyewe. Mtu kama huyo anaweza kutubu, na anaweza kuombewa gerezani Isanga, lakini hatapewa tena darasa la Jumapili. Msamaha ni kitu kimoja, kukabidhiwa watoto ni kitu kingine. Katika makosa ya kawaida pia toba ina gharama yake, kama Zakayo alivyoonyesha kwa kurudisha mara nne. Kijana wa kinanda amtunze mtoto wake. Aliyeuza kiwanja mara mbili arudishe fedha ya mjane. Neema ya kweli inadai zaidi kuliko adhabu, kwa sababu adhabu inamtaka mtu akae kimya mwaka mmoja, na neema inamtaka abadilike.

Kwa Mgogo nina mfano mmoja tu. Ng'ombe akipotelea porini, kijana akamtafuta usiku kucha akamkuta na kumrudisha, hakuna mzee atakayesimama langoni mwa boma kumchapa ng'ombe kwa kupotea. Atafungua lango, ahesabu, ashukuru, kisha asubuhi aende kuziba pale uzio ulipobomoka. Yupo Bwana aliyesema kwamba mtu ni bora kuliko mnyama, na sisi tunajiita kundi lake.

Kuna mahali ambapo jambo hili linauma kuliko pote, nalo ni msibani. Ninyi mnajua. Mtu amefariki, turubai limefungwa, mama anagaragara chini, na ndani ya nyumba wanaume wawili wanaulizana kwa sauti ya chini kama marehemu alikuwa anahudhuria jumuiya, kama kadi yake ya zaka ina alama. Simu zinapigwa. Ndugu wanasubiri waambiwe kama mchungaji, padri au katekista atakuja, au watazika wenyewe. Naelewa utaratibu huo unakotoka. Jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele katika miaka ya 1970, zilikusudiwa kumfanya kila mwamini awe na majirani wanaomjua. Ni mpango mzuri mno. Lakini jumuiya ambayo kwa miaka mitatu haikumtembelea mtu, haikumuuliza kwa nini haonekani, haikujua kwamba anaumwa, ina haki gani ya kumhukumu akiwa kwenye jeneza? Mahudhurio yana pande mbili. Kama yeye hakuja kwetu, sisi tulikwenda kwake mara ngapi? Na anayeadhibiwa pale si maiti. Ni mjane wake na watoto wake, ambao siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote walihitaji kuona kwamba kanisa ni lao.

Basi tufanye nini? Nazungumza na wazee wa kanisa, wainjilisti, makatekista na viongozi wa jumuiya wa Mkonze na kote mnakonisikia. Kila mtu mnayemzuilia ushirika, mpeni siku hiyo hiyo mtu mmoja wa kumtembelea, mwenye moyo mpole, wa kunywa naye chai, na mwiteni kwenye kikao tarehe inayojulikana ili jambo lake lifungwe. Mkimwita binti, mwiteni na kijana. Mkiwa hamjampata kijana, msimalize kwa binti. Mtoto asicheleweshwe kwa ajili ya mzazi. Siku ya kurudi, kosa lisitajwe tena. Kilichokwisha kukiriwa mbele ya mchungaji kimekwisha, na mbele ya watu litajwe jina lake tu, watu waimbe, akina mama wapige vigelegele, na joho lake liwe limeshapigwa pasi linamngoja. Mgeni asiye na barua apokelewe kwanza, barua itafuata.

Nanyi mnaokaa mabenchi ya katikati, wengi wetu, msiwaachie viongozi peke yao. Kikao cha wazee hakimfukuzi mtu nusu ya vile wanavyomfukuza wanaomtazama anapoingia. Jumapili, mtu wa benchi la nyuma akitaka kutoka mapema, wewe uliye karibu naye mshike mkono, muulize jina, muulize anakaa upande gani. Usimuulize kilichomtoa kwao.

Na wewe ndugu yangu, dada yangu, uliyeacha kwenda, nakuomba usihesabu kwamba walioko ndani wamekushinda. Wanakiri kila Jumapili kwamba wamekosa kwa mawazo, kwa maneno na kwa matendo, nao hawasemi hivyo kwa mapambo. Wewe unalo neno hilo hilo la kusema, na unayo haki ya kulisema pamoja nao. Nenda ukamwone mchungaji au padri wako katikati ya wiki, saa ambayo hakuna watu, umweleze yote kwa mpangilio. Akikufokea, nenda kwa mwingine, usirudi nyumbani ukalala. Na kama kuna mtu uliyemdhulumu, anza na yeye, hata kama ni kwa kumlipa kidogo kidogo. Meza ile haikuandaliwa na wazee wa kanisa. Aliyeiandaa aliketi na Petro usiku ule ule akijua kwamba kabla hakujapambazuka atamkana, na hakumwondoa.

Wenye maoni tuleteeni, hasa wale msiokubaliana nami, na wale mliowahi kurudi kundini mkapokelewa vizuri, maana makanisa mengine yanahitaji kusikia jambo hilo lilifanyika vipi.